Ultrasaundi ipime na vidole vya wabanguaji, si mimba peke yake

Ndugu Mhariri,

Mbanguaji wa korosho wa Newala au Tandahimba anapofika kituo cha afya na kueleza kwamba kidole cha pete kinakwama kila asubuhi, hakinyooki mpaka akivute kwa mkono wa pili, na kikinyooka kinashtua kwa maumivu mpaka kiganjani, jibu analopata mara nyingi ni moja kati ya mawili: ana baridi yabisi, au akapige eksirei. Eksirei inarudi safi, mifupa mizima. Anaandikiwa diklofenaki, anarudi kwenye mashine yake ya kubangulia, na kidole kinaendelea kukwama. Picha ilisomwa sawasawa. Shida ni kwamba eksirei haioni kano, na ugonjwa uko kwenye kano.

Hospitali zetu za Mtwara na Lindi zina mashine za ultrasaundi. Kutwa zinapima mimba, ini, figo na kibofu. Mashine hizohizo, zikipewa probu (kile kichwa kinachowekwa juu ya ngozi) inayofaa na mtu anayejua kuishika, zinaonyesha kano ya kidole ikitembea mbele ya macho ya mgonjwa mwenyewe. MRI, ile mashine ya picha za sumaku, pamoja na ughali wake wote, hupigwa mgonjwa akiwa ametulia tuli, na kidole kinachokwama hakisemi chochote kikiwa kimetulia. Maelezo yanayofuata ni kwa wenzetu wa vyumba vya picha na wa mazoezi tiba, na kwa wale wanaoandika orodha za manunuzi katika halmashauri.

Kila kidole, ukiacha gumba, kinakunjwa na kano mbili zinazotoka kwenye misuli ya kigasha. Ile iliyo karibu na ngozi inagawanyika kama panda na kushika kwenye pingili ya kati. Ya chini yake inapenya katikati ya panda hiyo na kwenda kushika pingili ya mwisho. Zote mbili zinapita ndani ya pete ngumu zilizoshikizwa kwenye mfupa, ambazo kazi yake ni ya roda, gurudumu la kupitishia kamba, na wataalamu wamezipa majina A1 mpaka A5. A1 iko kiganjani, mbele ya fundo la kwanza la kidole. A2 imekumbatia pingili ya kwanza, A4 pingili ya kati. Aliyetazama henza, kamba ya jahazi, ikipandisha foramali, mti wa tanga, pale Mikindani atatuelewa upesi: kamba ikiota fundo haipiti kwenye roda, na roda ikikatika kamba inaachana na mlingoti. Vidole vinaugua kwa namna hizo zote mbili.

Kidole kinachokwama ni ugomvi kati ya kano na A1. Roda inanenepa, kano inaota uvimbe mdogo ambao Mfaransa Alphonse Notta aliuandika tangu mwaka 1850, na uvimbe ukishavuka roda haurudi bila kulazimishwa. Mwenye kisukari yumo hatarini zaidi, na wanawake wa makamo hupatwa kuliko wanaume. A1 isiyo na shida ina unene wa karibu nusu milimita. Kwenye kidole kinachokwama mara nyingi inafika milimita 1 au inazidi. Tofauti yote ya ugonjwa na uzima, basi, iko ndani ya nusu milimita, na hapo ndipo uchaguzi wa probu unapoamua kila kitu.

Sauti husafiri ndani ya nyama laini kwa mita 1,540 kwa sekunde. Probu ya tumbo, ile yenye uso uliobinuka, hufanya kazi kati ya megahezi (mitetemo milioni kwa sekunde) 2 na 5. Kwa megahezi 3.5 wimbi moja lina urefu wa milimita 0.44, kwa hiyo A1 yenye afya ina unene wa kama wimbi moja tu na hakuna cha kupima. Probu bapa ya megahezi 12 ina wimbi la milimita 0.13. Haifiki mbali ndani ya mwili, lakini kano ya kidole iko milimita chache tu chini ya ngozi, kwa hiyo hatupotezi kitu. Zipo probu za megahezi 15 hadi 18, na zipo fupi zenye uso wa sentimita 2 hadi 3 zinazokaa vizuri juu ya kidole. Ni nzuri, ni ghali, na si lazima kuanza nazo. Probu bapa ya kawaida yenye uso wa sentimita 4, ileile ya kutazama tezi ya shingo na matiti, inatosha kabisa kwa kazi tunayoieleza. Kinachotusikitisha ni kuona mashine mpya imefungwa probu ya tumbo tu, kwa sababu aliyeagiza aliandika "mashine ya ultrasaundi 1" akaishia hapo.

Upande wa mipangilio, chagua ule wa misuli na viungo, na kama haupo tumia wa tezi ya shingo. Punguza kina kifike sentimita 2. Mtu anayetoka kupima mimba akisahau kina kwenye sentimita 15, kidole kizima kitakuwa alama juu ya skrini. Weka fokasi moja tu, usawa wa kano. Mgonjwa akae, kiganja kitazame juu, mkono ulazwe juu ya taulo lililokunjwa.

Mkono wa mbanguaji una mambo yake. Ngozi ni nene, ina sugu na nyufa, na mafuta ya maganda ya korosho huichubua na kuitia weusi. Nyufa hushika hewa, na hewa hairuhusu sauti kupita, kwa hiyo picha inajaa vivuli. Loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10, ufute, kisha weka jeli nyingi kiasi kwamba probu inaelea juu yake bila kugusa ngozi, tabaka la milimita 3 hadi 5. Usibonyeze. Ukibonyeza unaibana A1, unasukuma maji yaliyozunguka kano yakatoweka machoni, na unaizuia kano kutembea, halafu unaandika ripoti kwamba kila kitu ni cha kawaida.

Vidole vyenye maumivu makali au vilivyopinda vinapimwa vizuri zaidi ndani ya beseni la maji. Maji yachemshwe kisha yapozwe mpaka yawe vuguvugu, kwa kuwa yaliyochemshwa yana mapovu machache. Mkono unazama, probu inaingia maji kwa ncha tu, umbali wa kama sentimita 1 kutoka kwenye ngozi. Isizamishwe kupita alama aliyoweka mtengenezaji, maana maji yakiingia kwenye maungio yake probu imekwisha. Kama kuna kidonda, probu ivalishwe glovu au kondomu yenye jeli ndani, na maji yamwagwe baada ya kila mgonjwa.

Jeli ikiisha, wapo wanaokimbilia mafuta ya kupikia. Mafuta yanaharibu mpira wa uso wa probu. Wanga wa mahindi au wa muhogo, sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji, ukipikwa mpaka uwe mzito kisha ukapoa, unapitisha sauti vya kutosha. Utengenezwe wa siku hiyo tu, usipakwe penye kidonda, na probu ifutwe kabla haujakauka.

Kosa linalowapata karibu wote wanaoanza ni kuona kano imekatika kumbe ni nzima. Kano ni fungu la nyuzinyuzi zilizolala sambamba, na hurudisha mwangwi vizuri pale tu probu inapoielekea kwa pembe mraba. Ukiinamisha probu nyuzi chache tu za pembe, mwangwi unakwenda kando, na kano iliyokuwa nyeupe yenye mistari inageuka nyeusi kama shimo. Kwenye kidole balaa linaongezeka, kwa sababu kano yenyewe hupinda kidole kinapokunjwa: kipande kimoja kinaielekea probu, jirani yake hakiielekei. Yumbisha probu taratibu, ukikandamiza jeli upande mmoja kisha wa pili. Weusi unaohamahama probu inapoyumba umeletwa na probu. Weusi unaoganda palepale kwenye mkato wa urefu na kwenye mkato wa kukingama ndio wa kuandikwa. A1 yenyewe huonekana kama utepe mwembamba mweusi juu ya kano nyeupe. Ipime kwenye mkato wa kukingama, katikati kabisa ya kano, maana pembeni mduara unadanganya na roda inaonekana nene kuliko ilivyo.

Halafu mwambie mgonjwa akunje na kukunjua polepole, probu ikiwa imelala kwa urefu juu ya A1. Kano yenye afya inateleza mfululizo. Inayokwama utaiona ikisita kwenye ukingo wa roda, nyama ya nyuma yake ikijikusanya, kisha ikiruka. Rekodi video, usihifadhi picha moja. Linganisha na kidole kilekile cha mkono wa pili, ukikumbuka kwamba mbanguaji hutumia mikono yote miwili na wa pili huenda nao ni mgonjwa. Kidole kisichoshika kitu kazini kinafaa zaidi kuwa kipimo cha uzima.

Baridi yabisi ya kweli ina sura nyingine. Shida inakuwa ndani ya kiungo: maji meusi yanainua mfuko wa kiungo, utando unanenepa, na Dopla, kipimo cha ultrasaundi cha mwendo wa damu, inaonyesha damu nyingi ikipita ndani yake. Dopla iwekwe kwa ajili ya damu ya mwendo mdogo, kiwango cha mapigo kiwe kati ya kilohezi 0.5 na 1, na geini (ukuzaji wa mwangwi) ipandishwe mpaka chembe zianze kutapakaa kisha irudishwe kidogo. Hapa pia mkono wa mpimaji ukiwa mzito damu inafukuzwa na ugonjwa hauonekani. Mgonjwa wa aina hii anahitaji dawa na kliniki tofauti kabisa na mwenye kidole kinachokwama, ambaye mara nyingi husaidiwa na banzi la kupumzisha kidole, sindano ya steroidi, au upasuaji mdogo wa kuifungua A1. Kuwaita wote wawili wa baridi yabisi kunawaumiza wote wawili.

Sasa tufike kwenye kupima mwendo wenyewe, sehemu yenye manufaa makubwa na inayofanywa kwa nadra. Hesabu yake ni ya nyenzo. Pima kano imesafiri milimita ngapi, gawanya kwa pembe ambayo kiungo kimekunjika, pembe ikiwa katika radiani (radiani 1 ni nyuzi 57.3). Unachopata ni umbali wa kano kutoka kwenye egemeo la kiungo. Paul Brand, daktari aliyejulikana kwa kurekebisha mikono ya wagonjwa wa ukoma huko Vellore nchini India, alifundisha hesabu hii kwa madaktari wa upasuaji miaka mingi kabla ultrasaundi haijaweza kuifanya bila kisu. Kwenye fundo la kwanza la kidole umbali huo kwa kano ya chini ni karibu milimita 10. Kiungo kikikunjwa nyuzi 90, yaani radiani 1.57, kano husafiri karibu milimita 16. Roda za eneo hilo zikikatika, kano inainuka kutoka kwenye mfupa. Umbali ukifika, tuseme, milimita 15, pembe ileile sasa inadai milimita 24. Msuli hauna urefu wa ziada wa kutoa, na ngumi haifungi.

Namna ya kuipima ni hii. Funga kifundo cha mkono kwenye ubao, kwa sababu kikicheza kidogo tu kano zote zinahama. Viungo viwili vya mbele vya kidole vinyooshwe kwa kijiti cha kukandamizia ulimi na plasta, ili kiungo kimoja tu ndicho kikunjike. Vidole vya jirani viachwe vikunjike pamoja nacho, kwa sababu kano za chini za vidole vya kati, pete na mwisho zinagawana msuli, na ukikizuia kimoja umewazuia wenzake. Mgonjwa akunje mwenyewe dhidi ya mpira mwepesi. Kano iliyolegea hujikunja mahali pake bila kusafiri, na kipimo kinakuwa kidogo kuliko ukweli. Pembe isomwe kwa protrakta upande wa mgongo wa kidole, nyuzi 0 na nyuzi 90.

Kwenye skrini, chagua chembe angavu ndani ya kano na uifuate fremu kwa fremu, ukipima umbali wake kutoka kwenye kichwa cha mfupa wa kiganja. Mfupa huo ndio shahidi wako: ukiuona nao umehama, probu imeteleza na kipimo kitupwe. Chembe ianze ukingoni mwa picha, kwa sababu uso wa probu ni sentimita 4 na safari inakula sehemu yake kubwa. Mwendo uwe wa taratibu. Milimita 16 kwa sekunde 2, mashine ikipiga fremu 30 kwa sekunde, ni milimita 0.27 kati ya fremu na fremu, na jicho linaifuata chembe bila taabu. Akikunja kwa ghafla, kwa sehemu ya tano ya sekunde, chembe inaruka milimita 2.7 na hutajua ni ileile au jirani yake. Zima ile kazi ya mashine ya kuchanganya picha za pembe mbalimbali: inapendeza kano ikiwa tuli, lakini inapunguza fremu na kupaka mwendo. Usigawe safari katika vipande vidogo pia. Kosa la milimita 1 katika 16 ni asilimia 6, lakini katika kipande cha nyuzi 30, ambacho ni kama milimita 5, ni asilimia 20. Rudia mara 3, chukua wastani.

Roda ya A2 inapimwa kwa njia fupi zaidi, na wavuta kamba za nyavu wangefaidika nayo. Probu ilale kwa urefu juu ya pingili ya kwanza, mgonjwa akandamize ncha ya kidole mezani. Kano ya kawaida inabaki karibu na mfupa, chini ya milimita 1 au zaidi kidogo. Ikiinuka kuzidi milimita 2, na kidole cha upande wa pili hakifanyi hivyo, roda ishukiwe.

Je, kubangua ndiko kunakokwamisha vidole? Tafiti za duniani kuhusu kazi za mikono na ugonjwa huu hazijakubaliana, na sisi hatutaki kumtwika mwenye kiwanda kosa ambalo halijapimwa. Lakini upande wa nguvu hesabu haina ubishi. Kutoka ncha ya kidole hadi kiungo cha mwisho ni milimita 15 hadi 20, na kano iko kama milimita 5 kutoka kwenye egemeo. Anayebana korosho kwa nguvu ya kilo 2 anaivuta kano kwa kilo 6 hadi 8. Na kano iliyopinda nyuzi 60 juu ya roda inaibebesha roda mzigo sawa na mvuto wake wote. Ikipinda nyuzi 90, mzigo ni mara 1.4. Mpini mwembamba wa kisu cha kumenyea unakunja vidole mpaka mwisho na kuiweka A1 kwenye hali hiyo mbaya kutwa nzima. Mpini wa mshikio wa mashine ulionenepeshwa kwa mpira wa baiskeli mpaka kipenyo cha milimita 30 hadi 40 unapunguza pembe. Vikundi vya ubanguaji vinaweza kuujaribu msimu huu, na chumba cha ultrasaundi kinaweza kupima A1 za wanaoutumia na wasioutumia kabla ya Oktoba na baada ya msimu.

Manufaa mengine yapo hata kwa asiyebangua. Aliyekatwa na panga akaonekana hakunji ncha ya kidole, kano yake iliyokatika mara nyingi imerudi nyuma mpaka kiganjani. Ultrasaundi inamwonyesha daktari wa upasuaji ncha iko wapi kabla hajapasua, na inasaidia kuharakisha, kwa sababu kila wiki inayopita msuli unazidi kusinyaa na ncha hazifikiani. Baada ya kushona, pengo kati ya ncha likizidi milimita 3 mshono uko mashakani. Mwiba wa samaki au kibanzi cha mti kilichobaki kwenye kidole cha mvuvi hakionekani vizuri kwenye eksirei, ila kwa ultrasaundi ni mstari mweupe wenye kivuli.

Kwa waandika manunuzi, sentensi mnayohitaji ni hii: mashine iwe na probu bapa inayofika angalau megahezi 12, Dopla ya nguvu, na uwezo wa kuhifadhi na kutoa video. Hilo la mwisho msilifute kupunguza bei. Kila video iandikwe mkono gani, kidole gani, pembe gani na kazi ya mgonjwa, la sivyo mwakani hakuna atakayeweza kuilinganisha na nyingine.

Wasomaji wako,
Wataalamu wa picha za tiba na mazoezi tiba,
Shangani, Mtwara